Uso wa Pakiti na Mgongo Wake

Katika siku za ujana wangu mnada wa Karatu ulikuwa madrasa ya wanunuzi, kwa kuwa bidhaa ililetwa pale ikiwa wazi, haina vazi wala wasifu, na kila aliyekuja na sado yake au debe lake alikuwa na haki kamili ya kutia mkono ndani ya gunia, kuupekua mchanga uliotulia chini, kunusa kama kuna uvundo, na kutafuna punje moja ya mahindi au ya mbaazi ili meno yampe habari ambayo ulimi wa muuzaji haukupenda kuitoa. Marehemu mama yangu, ambaye alikuja mnadani kutoka Daa na fedha zake zimefungwa katika pindo la khanga, hakupata kusoma hata darasa moja, walakini sikumbuki siku aliyorudi nyumbani na maharage yenye wadudu. Wauzaji walisifu mali zao kwa viapo vizito, wakamtaja Mungu na mababu, na hakuna aliyewachukia kwa hayo, maana sifa na kitu kilichosifiwa vilikaa mahali pamoja, na kitu kiliweza kumkadhibisha msifu wake papo hapo mbele ya mashahidi.

Pakiti ilipokuja ilivunja baraza hilo. Kwa insafu yanipasa kusema kwanza kwamba sina ugomvi nayo: imetuepusha na vumbi la barabara, na panya wa maghala, na mizani ya mwizi, tena imewezesha maziwa kukaa miezi bila kuharibika katika nyumba zisizo na umeme. Lakini pamoja na fadhila hizo ilimfungia mnunuzi nje ya mali anayoinunua, ikamnyang'anya pua, ulimi na vidole, ikamwachia macho peke yake, na macho hayo ikayapa kitu kimoja tu cha kutazama, nacho ni maneno na picha vilivyochaguliwa na yule yule anayeitaka fedha yake.

Nilifundisha shule ya msingi kwa muda mrefu, na alasiri za siku nyingi nilikaa katika duka dogo la mjomba wangu, na nadhani chuo cha ualimu hakikunifundisha habari za matumizi ya lugha kama nilivyofundishwa na rafu zile za mbao. Watu wengi huamini kwamba hadaa ya pakiti ni uongo, yaani kwamba mahali fulani juu yake pameandikwa jambo lisilokuwapo. Uongo wa namna hiyo upo, na sheria ikiamka huushika bila taabu kubwa. Aghalabu, hata hivyo, hadaa iliyo kubwa hufanywa kwa neno la kweli, lililoteuliwa kwa uangalifu miongoni mwa kweli nyingi, likakuzwa hata likajaza uso wa pakiti, ilhali kweli nyingine, ambazo ndizo zingemfaa mnunuzi, zimesukumwa mgongoni kwa herufi zisizosomeka ila kwa miwani.

Mfano ulio safi kuliko yote niliyoyaona ulikuwa wa mafuta ya kula. Alikuja dukani mzee mmoja, mstaafu wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, ambaye alikuwa ametoka hospitali na kuonywa juu ya moyo wake, na baada ya kuitikia shikamoo yangu akaniambia, "Mwalimu, nipe yale yasiyo na kolesteroli." Rafuni palikuwa na chupa za namna mbili. Moja iliandikwa maneno hayo kwa herufi nyekundu zenye ukubwa wa kidole, na bei yake ilikuwa juu. Ya pili haikuandikwa. Nikamwambia kwamba zote mbili hazina. Akazitazama kwa zamu, akauliza, "Mbona hii imeandika na hii haikuandika?"

Hilo ndilo swali ambalo mwandishi wa pakiti alitaka aliulize, ila alitaka alijibu mwenyewe. Kolesteroli hutengenezwa na miili ya wanyama, na mtu ataipata katika nyama, mayai, maziwa na samli. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya pamba, ya ufuta au ya mawese, hayana kiasi cha kuhesabika tangu Mungu alipoiumba mimea, na hakuna kiwanda kilichofanya kazi yoyote ya kuiondoa. Jambo lililomhusu mzee yule lilikuwa jingine, nalo ni jinsi ya mafuta yenyewe, kwa sababu mafuta ya jamii inayoganda upesi yakizidi mwilini huchochea kolesteroli ya damu kupanda, hata kama ndani ya chupa haikuwamo hata chembe. Na katika mawese karibu nusu ni mafuta ya jamii hiyo, hali katika alizeti ni takriban sehemu moja katika kumi. Chupa iliyopiga kelele ilikuwa ya mawese. Chupa iliyonyamaza ilikuwa ya alizeti, iliyokamuliwa nchini.

Nilimweleza haya yote kwa kadiri ya uwezo wangu, naye akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, kisha akanyoosha mkono akachukua ile yenye maandishi. "Hii imesema," akanijibu, "na ile imenyamaza. Mimi nitamwamini aliyesema."

Sikuwa na hoja ya kumshinda, na hata leo naona kwamba alikuwa na mantiki yake, kwa maana katika maisha ya kawaida mtu anayekana jambo waziwazi hustahili kusadikiwa kuliko anayekaa kimya. Haukupita muda mrefu ile chupa ya alizeti nayo ikaletwa ikiwa imeandikwa maneno yale yale, na sikumlaumu mkamuaji, kwa kuwa ukimya ulikuwa unamla. Ndivyo sifa tupu inavyoenea sokoni: wa kwanza huisema kwa werevu, na wengine wote huisema kwa kulazimika. Na wale maskini wetu wanaonunua mafuta ya kupima, kutoka katika dumu lisilo na karatasi yoyote, wakaanza kuuliza kama dumu hili ni la "yale yasiyo na kolesteroli", na wauza maduka wengine wakaona hapo njia ya kuongeza bei ya kikopo.

Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ililiona jambo hili zamani. Katika miongozo yake juu ya madai ya vyakula, ambayo ni ya mwaka 1979, imesema kwamba sifa iliyo ya jinsi nzima ya chakula yaweza kutajwa iwapo dai lenyewe linaonyesha dhahiri kuwa ni sifa ya jinsi nzima. Kwa hiyo chupa ile ingepaswa kusema kwamba mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli, haya yakiwa mojawapo. Mtu na ajaribu kuiandika sentensi hiyo kwa herufi nyekundu aone kama itauza.

Unga nao una kisa chake. Dona husagwa na punje nzima, na rangi yake si nyeupe sana. Sembe hukobolewa kwanza, likaondolewa ganda na kiini, ambamo hukaa sehemu kubwa ya mafuta mema ya mahindi, vitamini za jamii ya B, madini, na makapi yanayolisaidia tumbo, kisha kinachobaki, ambacho karibu chote ni wanga, husagwa kikatoka cheupe pepepe. Huo ndio unga ulioandikwa "Super", na mbele yake familia imeketi mezani ikicheka. Pumba zilizotolewa huuzwa kwa wafugaji, hata nikawa nawaambia wateja, nusu kwa mzaha, kwamba nguruwe wa Karatu wanakula vema kuliko watoto wa walimu. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasagaji kuongeza madini ya chuma, zinki na baadhi ya vitamini katika unga wa ngano na wa mahindi, na vitamini A katika mafuta ya kula, na mimi naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu upungufu wa damu umewaelemea wanawake wetu. Lakini mtu asiache kuutazama mzunguko wenyewe: kinu hutoa virutubishi bila kutangaza, kisha hurudisha baadhi yake kwa tangazo. Mashine ndogo za vijijini, ambako mama huleta mahindi yake mwenyewe na kuamua mwenyewe kama yakobolewe au yasikobolewe, hazina pakiti, na unga wake hausemi neno.

Darasani niliona watoto wana macho makali kuliko wazee, pengine kwa kuwa hawajazoea. Katika kipindi cha sayansi niliwaagiza wakusanye pakiti tupu za chakula, na kazi hiyo haikuwa ngumu, maana zimejaa kando ya kila barabara. Niliwafundisha kanuni moja tu, kwamba viambato huandikwa kwa taratibu ya uzito, kilicho kingi kikitangulia na kilicho kidogo kikija mwisho, kisha nikawaacha wasome. Binti mmoja alikuwa na kipakiti cha unga wa juisi kilichochorwa maembe yaliyokatwa, yakidondosha maji, mazuri kuliko maembe yoyote niliyopata kuyaona juu ya mti. Akasoma kwa sauti: sukari, asidi ya sitriki, ladha, rangi, na namba za vihifadhi. Akarudi mwanzo akasoma tena. "Mwalimu," akasema, "embe liko wapi?" Nikamwambia aitazame picha. Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa ameudhika kweli kweli, na mimi nikafurahi kwamba ameudhika.

Baadaye nilisoma habari za wasichana wawili wa shule huko New Zealand, Anna Devathasan na Jenny Suo, ambao mwaka 2004 walikipima kinywaji cha Ribena katika zoezi la sayansi la shule, wakitaraji kuona vitamini C tele kama matangazo yalivyosema, wakakuta katika kile kilicho tayari kwa kunywewa hakuna kiasi cha maana. Kampuni haikuwajali walipoiandikia. Jambo likafika kwenye runinga, na kwa mamlaka ya biashara, na mwaka 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikiri makosa 15 mbele ya mahakama ya Auckland, ikatozwa faini ya dola za nchi hiyo 217,500. Matangazo yalikuwa yamesema kwamba tunda la blackcurrant lina vitamini C mara nne ya chungwa, na huenda kwa tunda hilo neno likawa kweli. Lakini tunda si kinywaji, na msomaji aliachwa avuke mto huo mwenyewe akiwa amefumba macho.

Ndugu yake Ribena, yaani Lucozade, tunamkumbuka wengi wa rika langu, kwa kuwa katika Afrika Mashariki chupa yake ilikuwa zawadi ya heshima kando ya kitanda cha mgonjwa, na mtu aliyekwenda wodini mikono mitupu alionekana hana utu. Kinywaji hicho kilibuniwa mwaka 1927 na mfamasia wa Newcastle, Uingereza, aliyeitwa William Walker Hunter, kama chanzo cha nguvu kwa wagonjwa, na kwa miaka mingi kilitangazwa kuwa husaidia mtu kupona. Mwaka 1983 matangazo yalibadilishwa, yakaanza kusema kwamba hurudisha nguvu iliyopotea, na picha za wagonjwa zikawapisha wanamichezo. Asili yake ni maji na sukari ya glukosi. Kinywaji kile kile kilichomfaa aliyelala kilianza kumfaa anayekimbia, na kilichohama ni maneno.

Sasa niseme habari ya upande wa pili wa karatasi, ule wa waandishi, kwa kuwa niliwahi kuombwa niwe mmoja wao. Kikundi cha akina mama wa kata yetu ya Daa kilikuwa kikisaga unga wa lishe wa mahindi, ulezi, soya na karanga, kikitaka kuutoa katika mifuko ya nailoni isiyo na jina na kuupeleka madukani Karatu mjini ukiwa na pakiti yake, na kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa kalamu wakaniita niwatungie maneno. Nilipofika nikakuta wameyakusanya tayari, wamenakili kutoka pakiti za watu wengine: huongeza akili, huongeza damu, huongeza kinga, hutibu utapiamlo, hufaa kwa kisukari na vidonda vya tumbo, ni asilia kwa asilimia mia, haina kemikali. Walitaka pia picha ya mtoto mnono. Nikawauliza ni nani aliyeyapima hayo yote. Mweka hazina, mwanamke mwenye akili ya biashara ambayo mimi sikujaliwa, akanijibu kwamba hakuna aliyeyapima, lakini pia hakuna aliyewapima wale wengine, na wao wanauza. "Mwalimu," akasema, "bila maneno hayo, nani atanyoosha mkono?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na majadiliano yalichukua alasiri nzima. Aliyeyamaliza ni bibi mmoja mkubwa kwa umri kuliko wote, ambaye hadi wakati ule alikuwa akichambua karanga katika ungo bila kuinua kichwa. "Mimi nauza unga," akasema, "siuzi dawa. Mtoto wa mtu akizidiwa kwa kuwa mama yake ameacha hospitali akashika uji wangu, watakuja kwangu, hawatakwenda kwenye pakiti."

Afisa aliyekuja baadaye kuwafunza taratibu za ufungashaji aliyakuta yamekwisha kuamuliwa, akayathibitisha kwa sheria: kwamba chakula hakiruhusiwi kudai kuwa kinaponya au kinakinga maradhi, kwamba yatakiwa jina la chakula, viambato kwa taratibu yake, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Juu ya picha ya mtoto aliwakumbusha kwamba kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu maziwa ya kopo inakataza picha za watoto wachanga juu ya makopo hayo, kwa sababu picha humwambia mama jambo ambalo kampuni haithubutu kuliandika. Na ijapokuwa unga wa uji si maziwa ya kopo, hoja ni ile ile.

Neno lililonikaa moyoni zaidi, hata hivyo, ni lile "asilia". Hakuna neno linalopendwa kama hilo na wenye viwanda na wanunuzi kwa pamoja, na kwa watalii wanaopita Karatu kwenda kreta ya Ngorongoro hilo huuza asali, chai na kahawa kuliko neno jingine lolote. Lakini sumukuvu ni asilia. Hutolewa na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, jirani zetu, na miongoni mwa wagonjwa 68 waliotambuliwa wakafariki 20, na walichokula hakikuwa na rangi ya kiwandani wala kihifadhi. Walikula mahindi ya mashamba yao. Mnunuzi wa unga wa lishe angefaidika kwa kuambiwa kwamba karanga zilichambuliwa na mahindi yalipimwa unyevu, kuliko kuambiwa mara mia kwamba ni asilia. Nao wale akina mama walichambua kweli. Pakiti yao ilitoka na jina, viambato, uzito, na jinsi ya kupika uji, basi. Unga uliuzwa polepole, na wenye maduka walikuwa wakiuliza mbona hausemi unatibu nini.

Nisije nikadhaniwa kwamba lawama zote nazitupia mbali. Sisi wa Karatu tuna hisa katika mchezo huu, na kahawa ni shahidi. Chini ya mlima Oldeani walowezi wa Kijerumani walianza kulima kahawa kati ya vita mbili kuu, na shamba lijulikanalo leo kama Gibb's Farm lilianza mwaka 1929. Arabika yetu ni njema, wala haihitaji kuazima sifa. Lakini kule Japani, kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa nchi hiyo, arabika ya Tanzania isiyotoka Bukoba yaweza kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, na kahawa ya mchanganyiko yaweza kuchukua jina hilo ikiwa ndani yake mna asilimia 30 tu ya kahawa hiyo. Kwa hiyo punje iliyochumwa Karatu, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka mlima ule wenye theluji, huweza kufika Tokyo ikiwa mwana wa Kilimanjaro, na thuluthi mbili za wenzake ndani ya pakiti zikawa zimetoka bara jingine. Kanuni haikuvunjwa, bei ilikuwa nzuri, na sijasikia mkulima yeyote wa huku akilalamika.

Na kifungashio hakimpunji mnunuzi peke yake. Huko Mang'ola, kando ya ziwa Eyasi, ambako vitunguu hulimwa kwa maji ya chemchemi na kuchukuliwa na malori hadi Kenya, mkulima hukutana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kisha likaongezewa kilemba cha wavu juu yake, likahesabiwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wameikataza mara nyingi. Hapo hakuna maandishi wala picha, na gunia limeweza kudanganya bila kujua kusoma.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni alama ya ubora. Naiheshimu alama ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975 na kukabidhiwa usimamizi wa chakula chote mwaka 2019, na namshauri kila mtu aitafute kabla ya kulipa. Lakini alama husema kwamba chakula kimekidhi kiwango kilichowekwa kwa chakula cha namna hiyo. Haisemi kwamba kinakufaa wewe mwenye kisukari, wala haisemi kwamba picha ya embe ni embe. (Kadhalika nimekutana na wateja wanaoamini kwamba msimbo wa mistari unaoanza na 620 ni ithibati ya bidhaa kutengenezwa Tanzania, hali namba hiyo huonyesha tu kwamba msimbo umetolewa na taasisi iliyosajiliwa hapa.) Wala kumwambia mnunuzi asome mgongo wa pakiti hakutoshi, kwa kuwa mgongo huo mara nyingi umeandikwa Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo, kwa watu ambao shule iliwafundisha kusoma Kiswahili.

Nchi ya Chile ililitatua jambo hili kwa namna ninayoipenda. Tangu mwaka 2016 sheria yake inalazimisha chakula cha kiwandani chenye sukari, chumvi, mafuta ya jamii inayoganda au nguvu kupita kiasi kiandikwe hivyo usoni, ndani ya alama nyeusi ya pembe nane, na Mexico ikafuata mwaka 2020. Sheria hiyo haikuridhika kumwomba mtengenezaji awe mkweli mgongoni. Ilitwaa sehemu ya uso, mahali alipokuwa akisema peke yake.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa Shirika la Viwango na kwa wabunge wetu: kwamba viambato vyote viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi anazoweza kuzisoma mzee bila kuazima miwani, kwamba kiasi cha sukari, chumvi na mafuta kihamishiwe mbele, mahali yalipo maembe, na kwamba sifa iliyo ya jinsi nzima isiruhusiwe kuuzwa kama sifa ya chupa moja. Na walimu wenzangu wa Karatu nawaomba wasiingoje sheria hiyo. Somo la viambato huchukua kipindi kimoja, halihitaji kitabu wala fedha, na watoto wa darasa la nne wanaliweza.